Kipa Aliyelala Nyumbani Kwetu

Kabla hajagombea ubunge na baba yangu, yule kipa nilimpenda kama walivyompenda wasichana wote kuanzia Mbeya mpaka Iringa. Sioni haya kusema. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini kwetu, mtu mzima mwenye mshahara wake, lakini siku ya mpira nilikaa na redio mapajani na ole wake atakayeigusa. Mtangazaji akipiga kelele kwamba kipa amepaa, kipa ameudaka, mimi huku narusha miguu. Picha yake niliikata gazetini nikaibandika ukutani kwa uji. Mama akipita anaitazama, anasema, "Huyu mkwe wangu mahari ataleta ng'ombe au ataleta mipira?"

Alizaliwa kijiji cha jirani na chetu, upande wa Kalenga, lakini aliondoka mdogo kwenda Mbalizi kufanya kazi gereji, na huko ndiko mpira ulikomtoa. Akawa kipa wa timu ya mkoa wa Mbeya, na kila uliyekutana naye alikuwa na hadithi ya penalti aliyoiona ikidakwa. Sasa mwaka mmoja, katikati ya miaka ile ya sabini, tukasikia anagombea ubunge jimboni kwetu. Baba naye alikuwa amekwisha kupitishwa. Ile picha niliibandua siku hiyo hiyo, na kipande cha chokaa kikatoka nayo.

Sijui kama vijana wa leo wanajua uchaguzi wa enzi zile ulivyokuwa. Chama kilikuwa kimoja, na katika kila jimbo kilileta wagombea wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma ajue pa kupigia kura. Na hakuna aliyejifanyia kampeni mwenyewe. Chama kiliwapakia wote wawili kwenye Landrova moja na wasimamizi wao, wakazungushwa jimbo zima, wanapanda jukwaa moja, wanakula sinia moja, wanalala nyumba watakayopangiwa. Ukibainika umejipigia debe peke yako pembeni, jina lako linafutwa. Kwa hiyo washindani wawili walikula vumbi pamoja majuma mazima, wakiazimana sabuni.

Baba alikuwa bwana shamba mstaafu. Kazi ilimfikisha kila bonde, mpaka kule chini Usangu kwa wafugaji waliohamia na makundi yao kutoka kaskazini. Ardhi aliijua. Kuongea ndiko kulikomshinda. Ukimuuliza swali anaanza na mvua za zamani, anakwenda taratibu, anapumzika, anakohoa, na wewe uliyeuliza umeshasahau uliuliza nini. Sisi nyumbani tulikuwa tumezoea.

Alichotaka bungeni ni maji. Hakuwa na jingine. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumehamishwa kutoka bondeni, tukapangwa kwa mistari juu mgongoni mwa kilima, karibu na barabara na shule. Shule nzuri, barabara nzuri, maji hakuna. Kule bondeni mama alichota maji nyuma ya jiko. Huku juu ilimbidi ateremke mpaka Ruaha Mdogo, ajaze ndoo, apande nayo. Na mama hakuwa msichana. Kiangazi hicho shingo ilianza kumgomea. Akitaka kukutazama anageuka mwili mzima. Tulimsikia chumbani anagumia akitafuta namna ya kulaza kichwa. Mimi nilichota nikitoka shule, lakini maji ya asubuhi alisema ni yake, na hakukubali kunyang'anywa. Mganga wa zahanati alimwambia aache kubeba mizigo kichwani. Mama akamuuliza, "Nibebee wapi sasa, puani?"

Baba alikuwa ameipata chemchemi msituni, juu zaidi ya kijiji, na mteremko wote alikuwa ameshaupima kwa mpira mwembamba wa maji na vigingi, peke yake, siku baada ya siku. Maji yangeshuka yenyewe. Yalikosekana mabomba tu, na kila alipokwenda kuyaomba Iringa mjini aliambiwa asubiri. Siku moja alirudi huko, akakaa, akamtazama mama anafunga kanga kiunoni kwenda mtoni, akasema, "Mbunge hawawezi kumwambia asubiri." Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye siasa, mtu ambaye hata harusini alikuwa anakimbia kipaza sauti.

Alama zilipotolewa nikajua tumekwisha. Baba, aliyeshika jembe maisha yake yote, akapewa nyumba. Kipa, ambaye sidhani kama aliwahi kulima tuta moja la viazi, akapewa jembe. Na watu walikuwa wametolewa kwenye nyumba zao juzi tu, wameacha kuta zao na migomba yao bondeni. Nani alitaka kusikia habari za nyumba? Mzee mmoja aliniambia usoni, "Mwalimu, baba yako nampenda, lakini nyumba zimenichosha." Wee! Nilitaka kumrudishia neno, nikakumbuka mjukuu wake yuko darasani kwangu.

Msafara ulifika kijijini kwetu kampeni zikiwa zinaelekea ukingoni. Uwanja wa shule ulijaa, na wengine wamepanda juu ya matofali ya darasa lililokuwa halijaisha. Ulipofika wakati wa maswali, akasimama mama mmoja niliyekuwa namfundisha kwenye kisomo cha watu wazima, akauliza jambo lililokuwa kooni kwa kila mtu: maji yatakuja lini?

Baba akaanza. Jamani, baba! Mbele ya watu wake mwenyewe, na jibu zuri analo, akaanza na mvua. Akaenda kwenye udongo. Akaenda kwenye mteremko. Mimi nimesimama nyuma na wanafunzi wa kwaya, nasema moyoni, taja chemchemi baba, taja chemchemi tu ukae. Watu wakaanza kupiga miayo. Alipokuwa ndiyo kwanza anaikaribia hiyo chemchemi, mwenyekiti akagonga kengele, muda umekwisha.

Kipa akasimama. Akasema, "Habari ya maji, mimi sijui yatatoka wapi. Mkinichagua nitawauliza wanaojua." Basi. Nikafurahi, nikadhani kajimaliza mwenyewe. Hapo hapo mwanamume mmoja akarusha chungwa kutoka nyuma. Hakulirusha kwa ubaya, alilirusha kama mtu anayepiga penalti, pembeni kabisa. Na yule kipa, na suruali yake ya pasi, akaruka kutoka jukwaani, akanyooka hewani, akalidaka, akaangukia vumbini nalo kifuani. Kelele za siku ile sijazisikia tena pale kijijini. Vigelegele, mbinja, wazee wanapigana mabega. Kijiji chetu! Watu ambao baba alishika sepetu kuwazikia wazazi wao! Mikono yangu mwenyewe ilikuwa imeshanyanyuka juu kabla sijakumbuka mimi ni binti wa nani.

Nikamtazama baba. Alikuwa anapiga makofi naye, taratibu, kama alivyofanya kila kitu.

Jioni ile wagombea walipangiwa kulala kwetu, wote wawili. Fikiria mwenyewe: mtu amekuja kumnyang'anya mumeo tonge, na wewe ndiye unayempikia. Mama aliteremka mtoni, akapanda, akateremka tena, kwa sababu wageni waoge na wageni wale. Akachinja jogoo. Mimi ndiye niliyepakua, na kipa nikamwekea shingo makusudi. Mama akanifinya. Kipa akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akasema, "Asante dada mwalimu, shingo ndiyo ninayoipenda." Mnafiki mkubwa, nikasema kimoyomoyo, na bado nikaona ana macho mazuri.

Kabla ya kula alikuwa ameoga. Tulisikia maji yanamwagwa bafuni pwaa, pwaa, kama yuko Mbeya chini ya bomba. Kisha sauti, "Mama, naomba maji mengine kidogo, sabuni imeniingia machoni." Mama akamjibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, mengine yako mtoni." Akatoka na povu masikioni, akauliza mto uko upande gani. Mama akageuka mwili mzima kumwonyesha. Kipa akaitazama shingo yake isiyogeuka, akaufuata mkono wa mama mpaka kule chini bondeni, na wakati wa kula alikuwa amepoa.

Alfajiri niliamka nikakuta ndoo haipo, mama hayupo, na kitanda cha mgeni ni kitupu. Nikaitwaa njia ya mtoni mbio. Nikawakuta wanapanda. Mama yuko mbele, mikono mitupu. Kipa yuko nyuma, ndoo kichwani, ameing'ang'ania kwa mikono yote miwili, ile mikono ya redioni, na maji yanamchuruzika mgongoni. Wanawake waliokuwa njiani hawajiwezi kwa kicheko. "Kipa, hilo bao hilo!" "Kipa, daka maji!" Alipofika kwetu ilikuwa imebaki nusu ndoo. Akajibwaga kizingitini, akahema, akamuuliza mama, "Kila siku?"

"Kwani wewe huogi kila siku?" mama akasema.

Uji haujapoa, habari ikawa imeshazunguka kijiji kizima. Msimamizi kutoka makao ya chama akaja amekunja uso. Kosa lilikuwa wazi: mgombea amekwenda peke yake kati ya wapiga kura, amefanya jambo la kuwavutia. Mwenzake akilalamika, jina linafutwa. Akamwita baba pale pale uani, mbele yetu sote. "Ndugu, hapa unayeumia ni wewe. Unalalamika au hulalamiki?"

Lilikuwa limebaki neno moja la baba. Ubunge wenyewe, mabomba, shingo ya mama, vyote. Nilimkazia macho nikimwomba, lalamika baba, lalamika. Mama alikuwa ameegemea mlango wa jiko. Kipa amesimama, shati limemgandia mwilini, wala hajitetei. Baba akakohoa, nikasema haya, sasa anaanza na mvua. Lakini siku hiyo alijibu kwa mkato.

"Huyu ni mgeni wangu. Amempokea mke wangu mzigo."

Msimamizi akauliza mara ya pili, akisisitiza.

"Nimeshajibu," baba akasema, akaenda kutafuta viatu vyake, kwa sababu Landrova ilikuwa inapiga honi. Mimi nilikasirika mpaka uji nikauacha. Nilimwona baba mjinga. Nilimwona ameuza maji yetu kwa ajili ya adabu.

Jembe lilishinda. Lilishinda kote, na kijijini kwetu ndiko lilikoshinda vibaya. Kina mama wa njia ya mtoni hawakuficha: huyu amebeba ndoo, tumemwona kwa macho yetu, huyu anajua taabu yetu. Baba na vigingi vyake msituni, nani alimwona? Alipopata matokeo alisema "Sawa," akachukua jembe lake la kweli akaenda kuandaa shamba kungojea mvua. Hakulaumu mtu. Ila kuanzia siku hiyo redio ikilia alitoka nje, hata ikiwa ni taarifa ya habari.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha kipa aliporudi kwetu. Hakuja na gari. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, viatu vimejaa tope, ni mbunge huyo. Akatoa shikamoo, akakaa kwenye kigoda. Halafu akamwita baba kwa jina ambalo hakuwahi kumwita kwenye kampeni.

"Baba," akasema, "nakaa vikaoni wenzangu wanaongea, mimi natazama midomo yao tu. Nikiingia ofisini watu wananishangilia, wananiletea chai, wanataka niwahadithie penalti. Nikitaja mabomba wananiuliza ya unene gani, yatoke wapi, yafike wapi. Sijui. Naona aibu, baba. Twende wote."

Ilimtoka kwa uchungu, na mimi niliyekuwa nimejiandaa kumcheka moyoni, nikashindwa. Hakuwa tapeli. Alikuwa kijana aliyebebwa juu juu na watu, wakamtua mahali ambapo hakuna goli.

Baba akasema hapana. Alisema kwa upole, lakini ni hapana. "Uliomba kazi, ukapewa. Ifanye." Akanyanyuka.

Mama akatoka jikoni. Ngata ya kubebea ndoo ilikuwa bado kichwani, ndiyo kwanza ametoka mtoni. Sijawahi kumwona mama, mwanamke wa Kihehe aliyemsalimu mumewe kwa kupiga magoti, akifanya alichofanya siku ile mbele ya mgeni.

"Baba watoto, keti."

Akaketi!

"Mlipokuwa mnazunguka na gari, mimi nilikuwa nabeba. Mlipokuwa mnahesabiwa kura, nilikuwa nabeba. Huyu watu wanamsikiliza, hana la kuwaambia. Wewe unalo la kuwaambia, hakuna anayekusikiliza. Basi mimi nikae nangoja nini, hii shingo ikatike? Kama mnataka kununiana, nunianeni mkiwa njiani." Akarudi jikoni, tukasikia masufuria yanagongwa. Baba akabaki anatazama mikono yake. Kisha akamuuliza kipa, bila kumtazama, basi la kwenda Iringa linapita saa ngapi.

Iringa waliwaambia mabomba yamekwisha, ila yapo yaliyobaki kwenye ghala moja huko Mbeya, mwenye ghala akikubali. Shule zilikuwa zimefungwa, nikasema ninakwenda kumwangalia baba asishindwe na baridi ya Mbeya. Mama akacheka kwa puani, akaniuliza tangu lini baba anashindwa na baridi.

Tulifikia kwa watu wa kipa, Mbalizi. Siku ya soko hapakupitika. Wauza viazi waliacha mafungu yao, mama mmoja akamtwika kipa mkungu mzima wa ndizi begani, mafundi gereji wakambeba. Baba alikuwa anatembea nyuma na koti lake, anasukumwa huku na huku, anasema "samahani, samahani". Ghalani nako, bwana mkubwa mwenyewe alitoka nje kumpokea kipa, akamshika mkono hataki kuuachia. Kipa akasema, "Mzee, mimi mabomba siyajui. Nimekuja na baba yangu. Naomba umsikilize mpaka amalize, hata akichelewa."

Na baba akachelewa. Akaanza na mvua. Akapita kwenye udongo, akapanda mteremko, hatua kwa hatua, na yule bwana mkubwa akamsikiliza kwa sababu kipa alikuwa amekaa pale anamsikiliza. Safari hii hapakuwa na kengele. Akafika kwenye chemchemi.

Tulipotoka nje, mabomba tumeshakubaliwa, baba aliniegemea begani kidogo. "Ni maneno yale yale, mwanangu," akasema. "Yale yale niliyowaambia Iringa. Sikuongeza hata moja." Sikujua anataka kucheka au kulia, nikamshika mkono tukaenda.

Kiangazi kilichofuata kijiji kizima kilichimba mtaro kufuata vigingi vya baba, na bomba la kwanza likasimikwa mwanzoni mwa mstari wetu wa nyumba. Siku ya kufungua alikuja kipa. Watu waliimba jembe, jembe, wakacheza mpaka vumbi likawafunika. Kipa akamvuta baba mbele, akapaza sauti, "Mwenye maji ni huyu!" Watu wakasema, mwaona kijana asivyo na makuu? Wakamwimba yeye zaidi. Baba akanitazama, akatikisa kichwa, akacheka kweli kweli.

Ndoo ya kwanza wakampa mama. Alikuwa amekuja na ngata yake, nani angemzuia siku hiyo. Kipa mwenyewe akamtwisha. Mama akakaza kanga kiunoni, akaikaza ile shingo, akavuta pumzi ya kupandia kilima kama alivyoivuta kila siku, akaanza kwenda. Akapita nyumba ya jirani. Akafika mlangoni kwetu, akasimama. Ndoo iko kichwani, haitui, hasogei. Nikakimbia nikidhani shingo imemkamata.

"Mama, vipi?"

"Nimefika?" akaniuliza.

Kisha akageuka mwili mzima, taratibu, tone lisimwagike, mpaka akamwona baba kule katikati ya watu wanaomwimba mtu mwingine. "Baba watoto," akaita, "nimeshafika!"

Baba, ambaye siku ya matokeo alisema sawa tu akaenda shamba, akavua kofia yake kuukuu, akajifunika nayo uso mbele ya kijiji kizima.